Mfuko wa Kushoto

Katika nyumba yetu mimi ndiye mtu pekee asiyebeba mambo ya jana. Wengine wote ni wagonjwa wa kukumbuka. Baba hawezi kupita karibu na cherehani ya Mama bila kuigusa kichwani kama anavyoguswa mtoto. Shangazi akianza kuosha vyombo, kila sahani ina hadithi yake, na hadithi ina kilio. Dada ndiyo usiseme kabisa. Mimi nikiona wameanza kuvuta pumzi ndefu, nauliza chai iko wapi. Tangu tumzike Mama sijatoa chozi hata moja la bahati mbaya, na nilishasema mezani, mbele ya wote: siku mtu akiniona nalia, ajitokeze nimpigie makofi.

Ndiyo maana kazi ya kusimulia nimejipa mwenyewe. Mwenye macho makavu anaona vizuri. Na usiniulize nimejuaje mambo ambayo sikuwepo yakitendeka. Nyumba yetu ina kuta nyembamba kiasi kwamba Baba akipiga chafya chumbani kwake, mimi niliyeko uani ndiye ninayesema pole.

Baba ni fundi redio. Karakana yake ni chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, na ingawa siku hizi watu wanamletea simu na spika, kibao bado kinasema redio. Mimi wananiita Redio pia, kwa sababu, anavyodai Dada, ndiyo pekee ambayo Baba hajafanikiwa kuizima. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alishona kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa kushoto, akatuchapa kwa kushoto. Mkasi wake ulikuwa wa kushoto pia, aliuagiza kwa fundi wa kunoa visu, na mtu mwingine akiushika unatafuna nguo badala ya kukata. Sisi wengine tulikata vitambaa kwa wembe, yeye akicheka huku anauma uzi kwa meno.

Dada ana kisukari tangu utotoni, kile ambacho bila insulini mtu hafiki wiki ijayo. Alichomwa sindano miaka yote ya shule, mpaka kliniki ilipomwazima pampu. Ni kimashine kidogo kama simu ya zamani. Ndani kina kichupa cha insulini, na kutoka hapo unatoka mrija mwembamba unaoishia kwenye kijirija laini kinachochomekwa chini ya ngozi ya tumbo na kufunikwa kwa kibandiko. Insulini inadondoka kidogo kidogo usiku na mchana. Dada akitaka kula, anabonyeza, inaongezeka.

Kwa kuwa kilihamia kwetu na hakikuonyesha dalili ya kuondoka, mimi nikakiita Mpangaji.

"Mpangaji lazima apewe chumba," Mama alisema.

Siku ile ile akazitoa nguo zote za Dada kabatini na kuanza kuzishonea mfuko. Kila gauni, kila sketi, hata nguo ya kulalia. Mfuko ulikaa ubavuni upande wa kushoto, ndani ukiwa na kitundu kilichodariziwa kama cha kifungo ili mrija upite. Kushoto, kwa sababu mkono wa Mama ulikuwa haujui kwingine. Mrija mrefu ulishawahi kunasa kwenye kitasa cha mlango na kumrudisha Dada nyuma kama mbuzi wa kamba, basi Mama akaomba kliniki wampe mirija mifupi. Toka mfukoni hadi kwenye ngozi ni karibu tu, kama jikoni na uani.

Na kila siku ya kubadilisha kijirija, Mama alikaa kwenye kigoda, Dada akasimama mbele yake akitazama dirishani.

"Nani anapita?" Mama aliuliza.

"Mwanamke."

"Kavaa nini?"

"Kijani."

"Na anayemfuata?"

"Nyek... ai!"

Kwisha. Dada hakuwahi kumaliza rangi ya pili.

*

Sukari ya Dada ilianza kupanda miezi kadhaa baada ya msiba, ikakataa kushuka. Asubuhi imepanda, jioni imepanda. Hajala, imepanda. Alikunywa maji kama anazima moto, akaamka midomo imekauka, akawa analala mezani kichwa juu ya mkono. Kliniki wakamwongezea dozi. Sukari ikapokea nyongeza, ikashukuru, ikakaa pale pale.

Daktari wa kliniki alikuwa mtu mpole mwenye haraka. Alizisoma tarakimu kwenye kompyuta bila kumwangalia mwenye nazo.

"Unabadilisha mahali pa kuchomeka?"

"Ndiyo, daktari. Kila mara."

"Unakula nini?"

Dada akamwambia. Daktari akatikisa kichwa kama mwalimu anayeambiwa na mwanafunzi kwamba mbwa ndiye aliyekula daftari.

"Unafanya kazi wapi vile?"

"Kwenye tanuri la mikate. Napamba keki."

Hapo daktari akamwangalia kwa mara ya kwanza. Akaeleza, kwa upole ule ule, kwamba pampu ni za kliniki, kwamba kuna watoto wanaozisubiri, na kwamba wakati wa kukaguliwa tena, kama tarakimu zitakuwa hizi hizi, itabidi arudishe na kuanza upya sindano. Akamwita mgonjwa aliyefuata.

Mtu aliyewahi kuchomwa sindano utoto mzima akirudishwa huko, usimwambie kwamba ni jambo dogo. Lakini mimi niliyemwona akirudi siku ile najua halikuwa hilo tu. Alivua viatu, akakaa sebuleni, akaweka mkono juu ya ule mfuko kama mtu anayezuia mlango.

"Watamfukuza Mpangaji," alisema.

*

Kikao cha familia kilifanyika mezani, na kila mjumbe alikuja na hukumu yake mfukoni.

"Ni mashine," alisema Baba. "Kitu chochote kinachodondosha, siku moja kitadondosha vibaya. Nipe niisikilize."

Akaichukua pampu, Dada akiwa bado amefungwa nayo, ikabidi asimame na kuinama kama anayesalimia wakwe. Baba akaiweka sikioni. Akaigonga kwa kucha. Akautazama mrija kwenye mwanga kutafuta mapovu ya hewa, akabadilisha betri ambayo haikuwa na kosa. Aliponyoosha mkono kuchukua bisibisi ndogo, Dada akapiga kelele.

"Baba! Ukiifungua hiyo utanifungua mimi!"

"Natazama skrubu tu."

"Tazama kwa macho."

Shangazi alikunja mikono. Yeye ni dada yake Baba, alihamia kwetu wakati wa ugonjwa wa Mama na hakurudi kwake. Kwa Shangazi hakuna ugonjwa unaoanzia mahali pengine isipokuwa mdomoni.

"Mimi sina maneno mengi," alisema, akamaanisha kwamba anayo. "Binti yangu, kutwa nzima umesimama kwenye krimu mpaka kwenye viwiko. Shetani naye ana ulimi. Sema tu. Hapa hakuna wa kukucheka."

"Shangazi, sijaonja."

"Hata ya kidoleni?"

"Hata ya kidoleni."

"Hata ya kidoleni, kidogo hivi, kujua kama imekolea?"

Dada akanitazama mimi, akitegemea nimtetee kwa mzaha kama kawaida yangu. Nami, badala yake, nikajiteua kuwa polisi wa sukari. Nilipita jikoni nikakusanya kila kitu kitamu: sukari, asali, jemu iliyobaki chini ya kopo, hata juisi ya Baba. Vyote nikavipeleka kwa jirani, aliyenishukuru kwa namna ambayo ilinionyesha kwamba hatutavipata tena.

"Chai tutakunywaje?" aliuliza Baba.

"Kwa uzalendo," nilimjibu.

Usiseme nilikosa huruma. Niliona mtu anazama, nikamtupia kamba. Kwamba ilikuwa imefungwa shingoni, hilo nililijua baadaye.

*

Shangazi hakuishia mezani. Alijifunga kitambaa chake kizuri, akaenda mpaka kwenye tanuri la mikate, akaomba kuonana na bosi, na kwa mapenzi yote ya dunia akamwomba amwangalizie binti yake asilambe krimu.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Ila ukimwambia mwenye keki kwamba mpambaji wake analamba, humwambii kwamba mtu ni mgonjwa, unamwambia kwamba keki zina mate. Kesho yake Dada akapewa barakoa. Wengine wote nyuso wazi, yeye peke yake barakoa. Siku iliyofuata akaondolewa kwenye kupamba, akapelekwa kukunja maboksi.

Jioni hakutuambia. Niliambiwa na mikono yake. Mikono ya mpambaji hurudi nyumbani na rangi kwenye kucha, waridi au bluu, inategemea mtoto wa nani anatimiza miaka mingapi. Siku ile kucha zake zilikuwa safi na vidole vimekatwakatwa na makaratasi.

Basi mimi, polisi, nikaenda kupeleleza. Nilisimama nje ya kioo cha duka, nikijifanya nachagua mkate. Ndani bosi alikuwa amebanwa, keki kubwa ya harusi inamsubiri na hakuna mwenye mwandiko, ikabidi amrudishe Dada mezani kwa saa moja. Niliona alivyoinama. Alibana kile kimfuko cha krimu, akakiinua kwenye mwanga, akaitazama krimu inavyosimama kwenye ncha. Kisha akamwita mwanamke wa tanurini, aliyekuja akifuta mikono, akamwekea tone kwenye kijiko.

"Imekolea?" niliona midomo ya macho yake ikiuliza, maana midomo yenyewe ilikuwa imefunikwa kwa barakoa.

Mwanamke akaonja, akainua dole gumba. Dada akaandika majina mawili kwa herufi zile za kuning'inia kama mashada, mkono hautikisiki. Herufi zile alifundishwa na Mama kwa chaki ya kushonea, juu ya mabaki ya kaniki.

Alipoinua kichwa, tukakutana macho kwenye kioo. Akavuta barakoa mpaka kidevuni.

"Unatafuta nini, Redio?"

"Mkate."

"Mikate inauzwa dirisha lile pale. Hapa ni watuhumiwa tu."

Nikanunua mkate. Sikuwa nimepanga kununua mkate.

*

Kilichofuata kilitokana na uvivu wangu, na ndiyo mara ya kwanza uvivu wangu kufaa kitu. Siku ya mapumziko Dada alifua nguo zake zote, akaniambia kukiwa na dalili ya mvua nizianue. Mvua ikaja, dalili zake sikuziona, nilikuwa nimelala. Alipotoka kuoga hakuwa na kitu kikavu cha kuvaa, na siku ile ndiyo ilikuwa zamu ya kubadilisha kijirija.

"Vaa ovaroli ya Baba," nilimshauri. "Ukipata na bisibisi, utapendeza."

Akaivaa. Mfuko wa kushoto wa ovaroli ile ulishatobolewa na chuma cha kulehemu, kitu ukikiweka kinatokea gotini. Ukabaki wa kulia. Mpangaji akahamia kulia, na kwa kuwa mrija ni mfupi, kijirija nacho kikachomekwa kulia. Nilimsikia sebuleni akisonya kwa maumivu. Nikacheka, eti umekuwa mtoto siku hizi.

Akala chakula, akabonyeza dozi ileile kubwa waliyompandishia kliniki.

Tukiwa tunapanga vyombo akaanza kunigombeza kwa sahani ambayo sikuivunja. Kisha akaiweka sahani chini. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola ya ovaroli. Akakaa chini, sakafuni, akageuza uso dirishani.

"Kijani," alisema.

"Nini?"

"Kijani. Na huyu... nyekundu. Mwambie Mama amalize, nimechoka kusimama."

Nilipokwambia mimi sibebi ya jana, sikukwambia kwamba ya jana haiwezi kukukalia kifuani. Nilimwita Baba kwa sauti iliyozinyamazisha redio zake zote. Akaja mbio, akamchoma kidole, akapima. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka kwenye tarakimu ambazo hatukuwa tumeziona mwaka ule wote.

"Sukari!" Baba alisema. "Lete sukari, haraka!"

Nikafungua kabati. Nikafungua kopo. Nikafungua kabati tena, kama vile sukari ilikuwa imetoka kidogo na itarudi.

"Iko wapi?"

"Kwa jirani," nilisema.

Baba alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu anayenipenda. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikimbilie kwa jirani, Shangazi aliponisukuma kando. Alikuwa ameshika mkoba wake. Akaingiza mkono mpaka chini kabisa, akatoa leso iliyofungwa fundo, akalifungua kwa meno. Ndani kulikuwa na peremende za kutosha kufungua duka.

Shangazi akamega moja, akamwekea Dada shavuni, halafu nyingine, akimsugua mgongo na kumwita mama, mama yangu, tafuna. Rangi ilimrudia taratibu. Akatuangalia mmoja mmoja, akaiangalia leso.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "hata ya kidoleni?"

"Nyamaza utafune," alisema Shangazi, na machozi yalikuwa yanamtoka.

*

Sukari ilitulia siku ile yote na iliyofuata, na kila mtu akadai ushindi. Baba akasema ni betri yake. Shangazi akasema ni maboksi, mtu akiachishwa krimu hupona. Mimi sikudai kitu, kabati tupu lilikuwa bado linanitazama, lakini kimoyomoyo nilijipigia kura.

Nguo zikakauka. Dada akavaa gauni lake la bluu, akarudisha kila kitu kushoto. Kufikia jioni sukari ilikuwa imepanda juu ya paa.

Tulikaa mezani, washindi watatu. Dada alikuwa anazungusha kikombe.

"Betri ni ile ile," alisema. "Maboksi ni yale yale. Sukari jirani hajarudisha." Akakiweka kikombe chini. "Nilikuwa nimevaa ovaroli."

"Ovaroli haitibu," alisema Baba.

Dada akajigusa tumbo, kulia, kisha kushoto. Akarudia. Halafu akainuka akaenda kulala bila kutuaga, na asubuhi akaniambia nimsindikize kliniki.

Daktari alikuwa ameshafungua kompyuta na kuanza sauti yake ya upole. Dada hakumsubiri.

"Samahani, daktari. Kabla hujaichukua, naomba mtu aniguse hapa."

Daktari akamwita muuguzi, mwanamke mnene mwenye saa iliyoning'inia kifuani. Muuguzi akamlaza, akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto. Akabonyeza kushoto tena, polepole, nyusi zikipanda.

"Mh! Huku pamekuwa kama godoro lililolaliwa miaka. Gusa, daktari."

Daktari akagusa. Akaacha kuwa na haraka.

"Ulisema unabadilisha mahali."

"Nabadilisha. Leo hapa, keshokutwa vidole viwili pembeni."

"Lakini ni huku huku kushoto?"

"Ndiyo."

"Kwa nini huku tu?"

"Ndiko mfuko uliko."

"Mfuko gani?"

Dada akaushika ule mfuko. Nikaeleza mimi, maana ndiyo kazi ya redio. Nikawaambia habari za cherehani, mrija mfupi na mkono wa kushoto. Nilijitahidi kuchekesha. Muuguzi hakucheka. Aliinua pindo la gauni la bluu, akautazama ule mfuko, kitundu chake kilivyodariziwa kwa nyuzi ndogo zilizolingana kama meno ya mtoto.

"Umeshonwa kwa mapenzi huu," alisema. "Lakini, binti, nyama ikichomwa sehemu moja muda mrefu inajenga ugumu. Haiumi, na ndiyo maana unapapenda. Insulini ikiingia pale inakwama, haifiki kwenye damu. Na wewe unaongezewa dozi juu ya dozi. Siku ukichomeka mahali pazima, dozi yote hiyo inakukuta."

"Imeshanikuta," alisema Dada.

Daktari alivua miwani akaifuta. Akasema kwamba hilo swali alipaswa kuliuliza kwa mkono, si kwa mdomo, na kwa hilo nampa heshima yake. Akashusha dozi. Pampu itabaki. Ila kushoto paachwe kabisa, miezi mingi, mpaka palainike. Ahamie kulia, na baadaye kwenye makalio, na mapajani, azunguke.

Muuguzi akamkabidhi kijirija kipya akichomeke pale pale, kulia. Dada akakishika na mkono ukaganda. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Nikaliona hilo kabla yake, sijui kwa nini. Nikatoka kwenye kona, nikapita mbele yake kwa maringo kama mtu anayekwenda sokoni.

"Nani anapita?" nilimuuliza.

Akanitazama muda mrefu.

"Mjinga mmoja."

"Kavaa nini?"

"Shati la kij... ai!"

*

Tatizo likabaki kabati. Nguo zote zilikuwa na chumba cha Mpangaji upande ambao Mpangaji amefukuzwa.

"Tufumue tuhamishe," alisema Shangazi. "Uzi ni uzi."

"Mshono wa mama yenu haufumuliwi," alisema Baba, akaingia karakanani na kuwasha redio zote kwa pamoja.

Dada naye hakutaka. Alisema atavaa ovaroli. Na kweli akavaa ovaroli, nyumbani, sokoni, mwisho mpaka kazini. Bosi alikuwa ameshaelezwa ukweli na Shangazi mwenyewe, safari hii bila kitambaa kizuri, na alikuwa ameomba radhi na kumrudishia meza yake bila barakoa. Lakini alipomwona mpambaji wake anaingia na madoa ya mafuta na gundi ya redio magotini, alishindwa kujizuia.

"Binti, umekuja kupamba keki au kutafuta stesheni?"

Wote walicheka. Dada alisimulia jioni akicheka pia, halafu akaacha kucheka. Akasema: "Nikilivaa la bluu nalisikia zito upande ule. Nikilifumua, nitakuwa nimemtoa Mama mara ya pili." Baba alikuwa mlangoni na kikombe. Akageuka akarudi alikotoka.

Nikaona hapa anahitajika mtu mwenye macho makavu.

Mchana uliofuata nyumba ilikuwa tupu. Shangazi alikwenda kliniki ya meno, peremende zilikuwa zimemfikia. Dada kazini. Baba karakanani na mteja. Nililitoa gauni la bluu kabatini, nikakaa kwenye kigoda, mbele ya cherehani ambayo sikuwahi kuikalia. Nikachukua wembe nikaanza.

Mshono wa Mama haukutaka kutoka. Alikuwa na tabia ya kurudi nyuma mara mbili mwanzoni na mara mbili mwishoni, kana kwamba alijua kuna siku nitakuja. Nilikata uzi mmoja mmoja. Mfuko ukaanza kuachia, ukafunguka kama kiganja, nikaona bitana ya ndani.

Ilikuwa nyeupe, laini kwa kufuliwa. Nilidhani ni kipande tu cha mabaki. Halafu nikaona doa la wino, la mviringo, lenye mkia.

Doa lile nalijua. Kalamu ilinivujia kwenye mfuko wa shati la shule ya msingi, nikarudi nyumbani nikijifanya nimejeruhiwa, nimeshika kifua, nikaanguka mlangoni. Mama alikimbia kutoka kwenye cherehani akiwa na sindano mdomoni. Alipogundua ni wino, alinichapa kwa mkono wa kushoto, akacheka mpaka akakaa chini, akanichapa tena. Shati lile nililitafuta baadaye. Akasema ameshalitupa.

Hakulitupa. Alilikata, upande wa moyo, akalishonea ndani ya mfuko ili chuma baridi kisimguse Dada ubavuni. Nikafungua sketi ya kahawia. Shati langu. Nikafungua nguo ya kulalia. Shati langu, kola. Miaka yote ile Dada alikuwa anatembea na mimi ubavuni na mimi nikijiona ndiye nisiyebeba kitu.

Nikachukua mkasi wa kushoto nipunguze pindo. Ukatafuna. Nikauhamishia mkono wa kushoto, ukakubali, ukakata vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwenyewe auweke chini. Nikauweka mfuko upande wa kulia, nikakanyaga cherehani, ikatoa ule mlio. Ule mlio ndio niliolalia utotoni kwangu kote, na nilikuwa nimeusahau. Mshono ulikwenda kombo, mfuko ukakaa kama mdomo wa mtu aliyenuna. Sikuweza kuunyoosha kwa sababu nilikuwa siuoni.

"Uzi umekwama?"

Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mteja nyuma yake alikuwa amekumbatia spika, ananitazama kwa huruma.

"Hapana," nilisema. "Ni vumbi. Hii mashine ina vumbi sana, linaingia machoni."

Baba alikuja akasimama karibu, akapitisha kidole juu ya kichwa cha cherehani, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akanionyesha kile kidole. Kilikuwa safi.

"Naipangusa mimi," alisema. "Kila asubuhi, kabla hamjaamka."

Halafu akavuta kiti, akakaa, akaichukua sketi ya kahawia akaanza kutafuta mwanzo wa uzi. Macho yake mwenyewe hayakuwa makavu.

"Haya," alisema bila kuniangalia. "Nimejitokeza. Nasubiri makofi yangu."

Sikuweza kuyapiga. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika mfuko.